Shule ya sebuleni na siri ya mtoto wa wifi

  

Juzi shoga yangu mmoja kanipigia simu, anahema kama kafukuzwa na mbwa. "Mwenzangu, mwanangu namtoa shule! Nitamfundisha mwenyewe hapa hapa nyumbani. Ada imenishinda, foleni imenishinda, na huyo dereva wa basi la shule ndio usiseme!" Anasema kaona kwenye simu wazungu wanavyofanya: watoto wametulia mezani, mama anatabasamu, meza ina maua. Nikacheka mpaka machozi. Si dharau jamani, ila mimi hiyo shule ya nyumbani nimeshawahi kuwa mwalimu mkuu wake.

Turudi nyuma kidogo. Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa Corona kutangazwa nchini, Serikali ikafunga shule. Wifi yangu, mke wa kaka, ni muuguzi. Wakati sisi tunajifungia ndani, yeye ndio anatoka kwenda zamu. Kaka naye ni dereva wa lori, leo yuko huku kesho kule. Basi wifi akaniletea wanawe wawili pale Tabata, na mabegi yao na godoro moja. "Wifi nisaidie, nikitoka kazini naogopa hata kuwashika." Utakataaje? Pamoja na wangu wawili wakawa wanne, na shangazi akawa mwalimu.

Siku ya kwanza nilijifanya mkali. Ratiba ukutani: saa mbili hesabu, saa tatu Kiswahili, saa nne uji. Mlango wa stoo ndio ubao. Kengele ni mwiko na sufuria. Vizibo vya soda vya kuhesabia nikaomba dukani. Ilipofika saa tatu kasoro, wangu wa chekechea kalala, wakubwa wanagombea kifutio, na yule mdogo wa wifi kaivaa kengele kichwani. Uji ukapikwa saa tatu hiyo hiyo, ili mwalimu apumue.

Sasa sikiliza. Binti yangu alikuwa na miaka 8, darasa la pili, "inglishi midiamu". Binamu yake, kijana wa wifi, miaka 9, darasa la tatu, shule ya Kayumba. Majina yao nayaweka kapuni. Kwenye ukoo wetu maneno ya shule ni kama petroli, na kiberiti nilikuwa nacho mimi. Kila sikukuu namsimamisha binti mbele ya watu aongee kizungu chake, watu wanapiga makofi. Wifi anaangalia sahani.

Yule kijana alikuwa anasoma vizuri tu. Ukurasa mzima bila kukwama. Ila siku moja upepo wa feni ukafunua ukurasa mwingine, na yeye akaendelea na hadithi ya ukurasa wa mwanzo! Moyo ukanipiga paa. Nikanyamaza.

Mchana nikamwandikia karatasi ya dukani: kiberiti, sabuni, nyanya. Nikamwona binti anamkimbilia mlangoni, wananong'ona. Jamaa karudi na vitu vyote sawasawa, na chenji kaihesabu kichwani, haikupungua hata shilingi. Nikamvuta binti pembeni. Kwanza kakataa. Halafu machozi yakamlenga. "Mama, usimwambie mtu. Mimi huwa namsomea kwanza, yeye anashika."

Kumbe! Mtoto ana masikio kama kinasa sauti. Darasani wako wengi, mwalimu ni mmoja, wote wanaitikia kwa pamoja. Ukiwa na masikio mazuri unafika darasa la tatu, na herufi hujazijua.

Nilitaka kumpigia wifi papo hapo. Nikashika simu, nikaiweka. Ningemwambiaje? "Wifi, mwanao hajui kusoma"? Yeye yuko wodini, na mdomo wangu anaujua. Angeona namsimanga.

Nikatafuta ujanja. Nikamteua kijana kuwa mwalimu wa wale wadogo. Kila asubuhi kabla ya wenzake hawajaamka, mimi na yeye jikoni: ma me mi mo mu, ba be bi bo bu. Halafu anakwenda kwenye mlango wa stoo na fimbo yake ya kuonyeshea, anawafundisha. Wadogo hawakumcheka, kwao alikuwa mwalimu kweli kweli. Akirudia mara kumi kwa ajili yao, anajirudia mwenyewe. Na Kiswahili nacho kina huruma, kinavyoandikwa ndivyo kinavyosomwa. Ukishika silabi, umeshika njia.

Binti yangu naye akaonja dawa yake. Huyu wa "inglishi midiamu" alijua kuimba namba, ila mpe elfu mbili anunue vitumbua vitano vya mia mbili, umuulize chenji ngapi, anatoa macho. Aliyemfundisha ni binamu yake, kwa vizibo vya soda.

Katikati ya Juni, jioni moja, simu yangu ikalia iko kwa kijana. "Shangazi, mama kaandika." Nikanyoosha mkono nimsomee. Akaivuta. "Ngoja." Akaanza na kidole: "Ke-sho na-ku-ja ku-wa-o-na." Nyumba nzima kimya. Akarudia haraka haraka, halafu akatoka mbio uani kuwaambia wenzake.

Wifi alipokuja akasimama getini kama kawaida yake, mbali na watoto. Kijana akamsomea kitabu kutoka barazani, kwa sauti. Wifi akalia. Nikamweleza yote. Akafuta machozi, akaniambia: "Nilijua tangu mwaka jana. Nilitaka likizo nikuombe umfundishe. Ila nilijua utanicheka."

Nilitaka kukana, sikuweza. Ningemcheka kweli. Na sikukuu inayofuata ningempa binti kitabu asome mbele yao. Yaani mtoto kakaa mwaka mzima hajui kusoma, na shangazi yake yuko vituo vinne tu vya daladala, kwa sababu ya mdomo wa huyo shangazi.

Shule zikafunguliwa Juni 29, 2020. Mwaka 2024 yule kijana alimaliza darasa la saba na kuchaguliwa kwenda sekondari. Mlango wa stoo mpaka leo una chaki, sijaufuta.

Kwa hiyo shoga yangu, kwanza Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto akifikisha umri wa shule aandikishwe, kwa hiyo kumtoa si jambo la kuamka asubuhi na kuamua. Ila nusu saa ya jioni hakuna aliyekukataza. Waite na mabinamu zake. Mkae mkekani, kila mmoja asome peke yake, umsikilize. Na ukigundua kitu, usiende kukitangaza kwenye harusi.

Haya, tukutane wiki ijayo Mungu akipenda. Wifi yangu kama unasoma hapa, Jumapili usipike. Pilau iko kwangu.