Mkono wa Idi kwa Binti Apendaye Sataranji



Ramadhani imeingia kumi la pili, na tayari Mtaa wa Biashara na Marikiti hakupitiki. Katika barua tulizozipokea juma hili imo moja iliyotushughulisha kuliko zote. Mama mmoja wa Kisauni atwambia kwamba bintiye wa miaka 12 amejifunza shuleni mchezo wa sataranji, au chesi kama waiitavyo watoto, na mwaka huu hataki bangili wala mkoba. Mkono wake wa Idi ataka uwe ubao na kete zake. Baba yuko Ghuba kikazi, na amekwisha kutuma fedha akisema binti anunuliwe kilicho kizuri kabisa. Babu mzaa mama, ambaye nyumba ni yake, amesema mchezo huo ni kamari na hauingii mlangoni pake. Mama yu baina ya wawili hao, na atuuliza afanye nini.

Tuanze na babu, kwani maneno yake yana asili. Wanavyuoni wengi wa madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali wameukataza mchezo huu. Imam Shafi, ambaye wengi wetu wa mwambao twafuata madhehebu yake, aliuona kuwa ni makuruhu, hakuuharamisha. Na Imam Nawawi akaeleza kwamba ukichezewa mali, au ukimpotezea mtu swala, hapo huwa haramu. Imepokewa vilevile kwamba Said bin Jubair, mmoja wa Tabiina, alikuwa akiucheza hali ameupa ubao mgongo. Khitilafu hiyo haijesha hata leo: mwezi wa Januari 2016 zilienea habari kwamba Mufti Mkuu wa Saudia amesema mchezo huu haufai, na Desemba 2017 mashindano ya dunia ya sataranji ya haraka yakafanyika Riyadh.

Haya hatuyaandiki ili mama akamsomee babake. Sisi si watu wa kutoa fatwa, na mtoto hamshindi mzazi wake kwa hoja hata akiwa nayo. (Tungeweza pia kutaja karata na dhumna zichezwazo barazani tangu alasiri mpaka magharibi, wala hakuna aliyezifukuza, lakini hilo tunamsihi mama asilitamke kabisa.) Ushauri wetu ni kuwa babu asishtukizwe asubuhi ya Idi. Mama na bintiye wamwendee sasa, usiku mmoja baada ya tarawehe, na binti mwenyewe amweleze huo mchezo ni nini, kwamba hauna dadu wala bahati. Kisha babu aulizwe masharti yake. Twadhani atataka mambo mawili: pasiwekwe hata shilingi, na adhana ikilia ubao ukunjwe, mchezo uwe umefika popote ulipofika. Ni masharti ya haki, na mama ayakubali yote mawili mbele ya binti. Ikiwa bado moyo wake haujatua, waende pamoja kwa sheikh ambaye babu mwenyewe anamwamini, si yule amwaminiye mama. Na akikataa hata baada ya hapo, basi binti na aendelee kucheza shuleni, na nyumbani aletewe kitabu. Twajua wako watakaotuona wanyonge kwa kusema hivyo. Lakini nyumba ni ya babu, na ubao ulionunuliwa kwa kumvunjia heshima utakuwa mzito kwa binti kila aufunguapo.

Tuseme amekubali. Hapo tuna neno na baba, kwa sababu katika jambo hili "kizuri kabisa" ndicho kinachoharibu. Tumeona sebule zenye ubao wa kioo na kete za kioo, zimepangwa juu ya meza tangu harusi, na mtoto akizisogelea hupigiwa kelele. Hicho ni kipambo. Kuna pia kete za mawe ya Kisii ziuzwazo karibu na Fort Jesus. Ni kazi ya mikono yetu wenyewe na hupendeza macho, lakini zikianguka sakafuni huvunjika, na nyingi zimechongwa kwa sura za watu na wanyama. Babu aliyetoka kutoa idhini jana hatafurahi kuona safu mbili za masanamu mezani pake.

Hilo la sura si geni. Mafundi wa Kiislamu wa zamani walichonga kete zisizo na uso: shaha na waziri vikawa kama viti vya enzi, ndovu akajulikana kwa vijipembe viwili tu. Seti moja kamili kiasi ya namna hiyo, iliyotoka Nishapur ya Uajemi katika karne ya 12, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York. Kete zitumikazo siku hizi mashindanoni, za mtindo uitwao Staunton uliotoka Uingereza mwaka 1849, nazo pia ni sahili. Ila farasi ndiye aliyebaki na kichwa chake. Mama amwoneshe babu mapema huyo farasi, asije akamgundua mwenyewe.

Basi anunue seti ya plastiki ya Staunton, shaha wake awe na kimo cha sentimita 9 na nusu hivi, na kila mraba wa ubao uwe baina ya sentimita 5 na 6. Ubao uwe wa kukunjika kama mkeka mdogo, ili uingie katika mkoba wa shule. Kete ziwe nzito chini, zisiangushwe na upepo wa pangaboi. Atazame kama kuna malkia wa ziada kwa kila upande, kwa kuwa askari akifika mwisho wa ubao hugeuka malkia, na watoto wasiokuwa naye hutumia kizibo cha chupa. Saa ya mchezo ingoje mpaka binti aanze kushindana. Programu za kulipia nazo zisinunuliwe: Lichess ni bure, ingawa simu ina mambo yake na twajua mama hatoiacha mkononi mwa mtoto usiku kucha. Kwa kitabu, twapendekeza *Logical Chess: Move by Move* cha Irving Chernev, kilichotoka mwaka 1957. Ni cha Kiingereza, lakini kinaeleza kila hatua kwa nini ilichezwa, na mtoto wa darasa lake atakifuata.

Phiona Mutesi wa Uganda alijifunza mchezo huu akiwa mtoto katika mtaa wa mabanda wa Katwe, Kampala, na mwaka 2010 alikwenda Urusi kuiwakilisha nchi yake katika Olimpiadi ya sataranji. Hakuwa na ubao wa kioo. Alikuwa na mwalimu, na wenziwe wa kucheza nao.

Na hapo ndipo barua ya mama ilipotugusa zaidi, maana mwisho wake ameandika kwamba yeye hajui hata kete zinavyokwenda. Bibiye, jifunze. Jioni mbili zatosha kwa mienendo, na binti ndiye awe mwalimu wako. Mmoja wetu alifundishwa na mwanawe miaka mitatu iliyopita, na mpaka leo hajamshinda hata mara moja. Mwana hajachoka kumwalika.

Fedha za baba zitasalia nyingi. Kanzu na inunuliwe vilevile, kwani bado hatujamwona nyanya wa Kisauni atakayekubali mjukuu wake aende kuswali Idi na nguo ya mwaka jana.