Kulipia Foleni Fupi Katika Viwanja vya Ndege vya Marekani: Piga Hesabu Kwanza

Desemba ikikaribia, familia nyingi hapa Kenya huanza kuulizana: nani anakuja mwaka huu? Na yule aliye Marekani, akishakata tiketi tu, matangazo yanaanza kumfuata kwenye simu. Lipa ada kidogo, jiunge, upite ukaguzi wa usalama chapchap huku wengine wakipanga foleni. Inavutia, hasa ukikumbuka foleni za sikukuu. Lakini je, hizo pesa zina faida?

Nitasema msimamo wangu mapema. Kwa mtu anayepanda ndege mara moja au mbili kwa mwaka, ada hizi nyingi si lazima, na ile ghali kuliko zote ndiyo ya mwisho kufikiria. Kwa anayesafiri kila wiki kikazi, hiyo ni hadithi nyingine. Cha kuamua ni hesabu, si tangazo.

Mbona tuongee haya kwenye ukurasa wa malipo ya simu? Kwa sababu ada hizo zinatoka mfuko uleule unaotuma pesa nyumbani. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma takriban dola bilioni 4.9, na sehemu kubwa zaidi ilitoka Marekani. Kila ada ya uanachama inashindana na karo, dawa na mchango wa chama.

Huduma tatu, kazi tatu tofauti

Watu wengi huzichanganya, kwa hivyo tuzitenganishe. Bei ni za 2025.

TSA PreCheck ni ya serikali ya Marekani. Unalipa takriban dola 80 kwa miaka 5, ikitegemea unajisajili kwa wakala gani. Ukiwa nayo unapita laini yako ya ukaguzi: hutoi laptopu wala vimiminika kwenye mkoba, na huvui mshipi wala koti jepesi.

Global Entry pia ni ya serikali. Ni dola 120 kwa miaka 5, na ndani yake unapata PreCheck. Kazi yake kubwa ni pale unaporudi Marekani kutoka nje: badala ya kusimama kwenye foleni ya uhamiaji, unapita kwenye mashine.

CLEAR+ ni ya kampuni binafsi. Ni dola 209 kwa mwaka, na inapatikana katika viwanja takriban 60 tu. Inakutambua kwa uso, macho au alama za vidole, kisha inakupeleka mbele ya foleni ya kuonyesha kitambulisho. Hapo ndipo kazi yake inaishia. Mkoba wako bado unapita kwenye mashine, na kama huna PreCheck, unatoa laptopu kama kila mtu.

Kwa hivyo swali la kwanza si bei. Ni hili: foleni gani hasa ndiyo inakusumbua? Ya kitambulisho, ya mashine, au ya uhamiaji? Ukilipia foleni isiyokusumbua, umepoteza pesa hata kama bei ni nafuu.

Sasa tupige hesabu

Chukua mfano wa Mkenya anayefanya kazi ya kutunza wazee, analipwa dola 18 kwa saa, na anakuja nyumbani mara moja kwa mwaka. Akienda na kurudi, anapita ukaguzi wa Marekani labda mara mbili: anapoondoka, na tena anapounganisha ndege akirudi. Tuseme kila mara anaokoa dakika 15.

Akichukua CLEAR+, kila akipita imemgharimu zaidi ya dola 104. Kwa shilingi kama 130 kwa dola, hizo ni zaidi ya shilingi 13,500 za kuruka foleni moja. Ama iangalie kwa saa: atafanya kazi karibu saa 12, kabla hata ya kodi, ili aokoe nusu saa kwa mwaka. Hiyo haiingii akilini. Ada hiyo ya mwaka mmoja ni kama shilingi 27,000. Kwa bei ya serikali ya shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50, ni mifuko 10 ya mbolea ya ruzuku.

Sasa PreCheck. Dola 80 ni kama saa nne na nusu za kazi. Kwa miaka 5 msafiri huyuhuyu ataokoa saa mbili na nusu. Hata hiyo ya bei nafuu bado haijajilipa! Itaanza kujilipa akipita ukaguzi kama mara nne kwa mwaka, yaani akiongeza safari moja ya ndani ya Marekani, kwenda na kurudi.

Global Entry ndiyo inayokaribia kumfaa. Kila mwaka anaporudi kutoka Nairobi kuna foleni ya uhamiaji. Tukisema anaokoa dakika 45 hapo, ukijumlisha na zile za PreCheck, ni zaidi ya saa 6 kwa miaka 5, na ada yenyewe ni kama saa 6 na dakika 40 za kazi. Zinakaribiana. Kama ana ndege ya kuunganisha, hizo dakika 45 zinaweza kuwa tofauti ya kufika nyumbani leo au kulala uwanjani.

Dola 18 na dakika 15 ni mfano tu. Weka mshahara wako na idadi ya safari zako. Anayesafiri kila wiki akitumia CLEAR+ mara 100 kwa mwaka analipa kama dola 2 kwa kila foleni. Huyo simlaumu.

Kwanza jaribu ya bure

Tangazo halitakuambia haya, lakini kuna njia zisizo na ada.

Ya kwanza ni Mobile Passport Control, programu ya simu ya idara ya forodha na mipaka ya Marekani. Ni bure. Raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu hujaza taarifa zao kwenye simu baada ya kutua, kisha hupita laini ambayo mara nyingi ni fupi. Ijaribu mara moja kabla ya kulipia Global Entry.

Ya pili, tangu Julai 2025 abiria wa kawaida Marekani hawavui tena viatu kwenye ukaguzi. Hiyo ilikuwa moja ya sababu kubwa za watu kulipia PreCheck, na sasa kila mtu anaipata bila kulipa chochote.

Ya tatu ni ya wale wanaokuja na shosho au guka. Mashirika ya ndege yanayohudumu Marekani yanatakiwa kisheria kumpa abiria asiyeweza kutembea sana kiti cha magurudumu na mtu wa kumsaidia, bila malipo. Omba wakati wa kukata tiketi. Mzee atasaidika zaidi kwa hilo kuliko kwa uanachama wako, kwa sababu PreCheck yako haimfuniki mtu mzima unayesafiri naye. Watoto wa miaka 12 kushuka chini wanaweza kupita nawe.

Nani hata asijaribu

PreCheck ni ya raia wa Marekani na wenye grini kadi. Mwanafunzi aliye huko kwa viza hawezi kujisajili. Global Entry huwapokea pia raia wa nchi kadhaa za nje, lakini Kenya haimo. Ukituma maombi ukiwa hustahili, ada hairudishwi. Kwa hivyo mzazi anayekwenda kutembelea mtoto wake kwa viza ya mgeni asikubali mtu amuuzie "usajili wa haraka."

Pia, hakuna hata moja kati ya hizi inayofanya kazi JKIA. Hapa kwetu utakaguliwa zaidi ya mara moja kabla ya kupanda ndege. Dawa ya hapa ni moja: toka nyumbani mapema.

Ukiamua kulipa, lipa kwa akili

Jihadhari na tovuti bandia. Anayejisajili PreCheck kwa mara ya kwanza hujaza fomu mtandaoni, lakini hulipa akifika kituoni kuchukuliwa alama za vidole. Tovuti ikikudai ada ya usajili wa kwanza papo hapo, funga ukurasa. Kwa huduma za serikali, anza na anwani inayoishia .gov, si kiungo ulichotumiwa kwa barua pepe.

Angalia pia kama ada inajilipia yenyewe. CLEAR+ hujihuisha kila mwaka na kukata pesa kwenye kadi yako usipoifuta. Weka kikumbusho kwenye simu mwezi mmoja kabla. Halafu uliza benki yako huko Marekani, maana baadhi ya kadi hurudisha ada za PreCheck au Global Entry. Lakini usichukue kadi yenye ada kubwa ya mwaka kwa sababu ya hilo pekee.

Na kumbuka kwamba kulipa mapema ni kuamini kwamba kampuni itakuwepo kesho. Juni 2009, kampuni ya kwanza iliyoendesha CLEAR ilifunga ghafla. Wanachama waliokuwa wameshalipa waliachwa na kadi zisizofanya kazi, na kampuni ikasema hali yake ya kifedha hairuhusu kurudisha pesa. Mwaka uliofuata wamiliki wapya walinunua jina hilo na kuahidi kuheshimu muda uliobaki, lakini si kila kampuni inayoanguka hupata mnunuzi.

Kwa hivyo ukiwa huko na unapanga safari ya Desemba, chukua dakika tano. Andika safari zako za mwaka jana, hesabu mara ulizopita ukaguzi wa Marekani, kisha gawanya ada kwa namba hiyo. Zikiwa chini ya nne, funga tangazo na uende uwanjani saa moja mapema. Na kama wewe ndiwe unayepokea pesa huku nyumbani, mtumie ndugu yako makala haya kabla hajabonyeza "lipa."