Askari Wangu Hawatoshi

Muhula uliopita mwenzangu mmoja aliingia chumbani mwangu kuazima pasi. Alipoinua macho akaona rafu iliyo juu ya kitanda changu, na pasi ikasahaulika. "Mtu mzima na ndevu zako," akasema, "bado unacheza kalongolongo?" Kwenye rafu hiyo wamesimama askari wa kuchezea 63. Habari ikatembea. Wiki iliyofuata mhadhiri mmoja, kwa upole wake wa siku zote, akaniuliza mbele ya darasa kama sioni haya kulihifadhi jeshi la mkoloni chumbani huku nasomea lugha ya Kiafrika. Siku ile nilinyamaza, maana mwalimu hajibiwi mbele ya watu. Nawajibu wote wawili hapa, nikianza na yule wa pasi kwa kuwa hoja yake ni nyepesi.

Mimi ni wa Busia, na Busia ziko mbili, moja Kenya na moja Uganda, zimegawana jina, soko na ndugu. Mama ana kibanda cha nguo mtaa wa Sofia, upande wa Uganda. Nguo zilezile Kenya ni mitumba, tukivuka ni mivumba. Marobota ya nguo za watoto yakifunguliwa, mara nyingine huanguka humo kitu cha kuchezea: gari lisilo na gurudumu, dubu wa manyoya, na siku ya bahati, askari. Wangu wa kwanza alikuwa wa plastiki ya kijani, amepiga goti, mguu mmoja umetafunwa na mtoto wa Ulaya nisiyemjua. Nilikuwa na miaka 12. Jirani wa mama alitaka shilingi 20 za Kenya au 500 za Uganda, yoyote niliyokuwa nayo.

Hao wa plastiki ni wengi. Wa zamani ni nadra. Wangu wa kwanza wa madini nilimkuta Tororo kwa muuza vyuma chakavu, mahali ambapo ukigeuka tu unauona ule mwamba: mpanda farasi asiye na kichwa, rangi imebanduka, ametengwa tayari kuyeyushwa awe chubwi za wavuvi wa ziwani. Nilimkomboa kwa bei ya soda mbili.

Mpanda farasi huyo ana ukoo. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilibuni namna ya kusubu askari wenye uwazi ndani. Risasi iliyoyeyushwa humiminwa katika kalibu, ile inayogusa kuta huganda kwanza, kisha ya katikati iliyo bado majimaji humwagwa. Madini yakatumika machache, bei ikashuka, na Wajerumani, waliokuwa wakiuza askari wa kusubiwa wazima, wakapata mshindani wa kweli. Kimo cha kawaida ni milimita 54. Kazi hiyo ya risasi iliendelea hadi miaka ya 1960, ilipokomeshwa na hofu ya sumu pamoja na plastiki ya bei rahisi. (Wangu wa risasi huwaweka ndani ya chupa ya kioo, na nikiwashika nanawa mikono. Wadogo zangu hawawagusi.) Tazama pia Kiswahili chetu: madini hayo na kile kitokacho bundukini vyote ni risasi.

Sasa, ndugu yangu wa pasi. Mtoto humwangusha askari akasema "umekufa". Mimi namgeuza chini nikatafuta jina la kampuni, kisha najiuliza nani alimwagiza, nani alimpaka rangi, na kwa nini yeye akaonekana anastahili kalibu na mwingine hakuonekana. Kampuni ya Britain ilitengeneza majeshi ya ulimwengu mzima: Wazulu, wapanda ngamia wa Misri, na katika seti namba 225, King's African Rifles, yaani KAR, jeshi la babu zetu. Seti hiyo sina. Nimeiona kwa picha tu, katika matangazo ya minada, na bei yake ni ya kunirudisha nyumbani kabla ya mtihani. Wamevaa kaki na tarbushi nyekundu, safi kama maharusi. Niliitazama picha ile nusu saa nzima. Ilinifurahisha, nakiri. Kisha ikaniudhi, kwa sababu mpagazi hayumo.

Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Waingereza katika Afrika Mashariki halikutembea kwa magari. Mbung'o waliua farasi na punda, barabara hazikuwapo, kwa hiyo chakula, risasi na mizinga vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari maradufu. Mwaka 1917, wakati wa msako mkubwa wa kuwakusanya, kaka wa baba yake babu yangu alichukuliwa Samia akaenda na mzigo. Hakurudi. Nyumbani walizika shina la mgomba mahali pake, na babu alinionyesha pale mahali, ingawa sasa pamejengwa choo. Hesabu rasmi ya Waingereza ilitaja wapagazi waliokufa zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Wanahistoria wanakadiria kuwa idadi halisi ni zaidi ya maradufu. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa hata kidogo.

Kwenye sanamu za shaba za Nairobi, zilizozinduliwa mwaka 1928, mpagazi angalau amesimama pamoja na askari. Katika ile ya Dar es Salaam ya mwaka 1927 askari yuko peke yake na singe yake. Mpagazi ameachiwa soko, Kariakoo, na wanunuzi wengi hawajui kwamba jina hilo ni Carrier Corps iliyotafunwa na ndimi zetu.

Hapo nageuka kwa mwalimu wangu, kwa heshima. Kosa la rafu yangu, mwalimu, umelitafuta pasipo. Wewe unasema askari ni wengi mno. Mimi nasema hawatoshi, na hao waliopo wanadanganya kwa kusimama peke yao. Ukinitaka niwatupe jalalani, uongo wao utabaki palepale, ila ushahidi utakuwa umepotea.

Tena ni ushahidi wa somo letu hili. Tunasomeshwa tenzi za Pate na Lamu, na ni haki tusomeshwe. Lakini Kiswahili hakikufika Tororo kwa jahazi. Kilifika kwa misafara, kwa reli, na hasa kwa buti. KAR iliwafunga Mnubi, Mteso, Mwacholi na Mkamba katika lugha moja ya amri, na humo kambini kikakua Kiswahili kilichopunguzwa ngeli, ambacho wataalamu wanakiita KiKAR. Idi Amin alikuzwa na jeshi hilo. Mwaka 1973 alipotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, Waganda wengi walisikia lugha ya mtu mwenye bunduki. Bibi yangu mzaa mama, wa Tororo, nilipomwambia nitasomea Kiswahili alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa nini usome lugha ya waliogonga mlango usiku?" Sikuwa na jibu, na shule haikuwa imenipa. Katiba ya Uganda ilikipa Kiswahili cheo cha lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na bado tunashangaa kwa nini watu wanasitasita. Tunawaeleza uzuri wa utenzi. Bibi hakuwahi kugongewa mlango na mtunga tenzi.

Basi idara inayoona haya kumtazama askari itamweleza nini bibi yangu? Ningependa somo moja tu, hata la wiki tatu, juu ya Kiswahili cha kambi na cha mzigo, na wanafunzi waje na chochote walicho nacho nyumbani: medali, picha, kipande cha mkanda. Mimi nitakuja na rafu.

Wakusanyaji wenzangu nao wasidhani wamepona. Nimesoma majadiliano yao. Wanabishana kuhusu boksi, kama ni la awali au la, na kama rangi ya tarbushi imeguswa upya. Anayemiliki seti namba 225 atakueleza kila mkwaruzo wa rangi, asijue jina la mto mmoja ambao watu hao waliuvuka. Elimu ya namna hiyo ni ya mtunza ghala.

Mwaka huu, wakati wa likizo, nilianza kufinyanga wapagazi. Nilichukua udongo kando ya mto Sio, palepale watoto wanapofinyangia ng'ombe, nikawapima milimita 54 kwa rula ili wasimame sawa na wengine. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Mzigo ukiwa mkubwa shingo inapasuka motoni, na ukiwa mdogo anaonekana amevaa kofia. Nimechoma tisa, watatu wamepasuka. Mama aliwakuta wakikauka kibandani juu ya gunia, akawatazama, akauliza ni wa nani. Nikamwambia. Akachukua mmoja, akamgeuza, akasema mgongo wake umenyooka mno kwa mtu aliyebeba mzigo kutoka Samia, nimrudie.

Nimemrudia. Kwa sasa rafu ina askari 63 na wapagazi 6, kwa hiyo hesabu bado iko upande wa kampuni ya London. Likizo ijayo nitaleta udongo ndoo nzima. Na yule mwenzangu, pasi aliirudia kesho yake na mpaka leo hajairudisha.