Kanyaruchinya: tupande ua unaokubali mawe, tuya tuwaachie wenye bomba

Wiki iliyopita jirani yangu alirudi kutoka mjini na vimiti vinne amevipakata kwenye pikipiki kama watoto. Vilikuwa vya kijani kibichi, umbo la yai, vizuri kabisa, kama vile vinavyosimama mbele ya hoteli za kule ziwani. Muuzaji wa pepinyeri alimwambia ni tuya kibete, havitapita kiuno cha mtu mzima. Anataka kuvipanga mbele ya nyumba anayoijenga upya. Nilimpongeza, kisha nikanyamaza, maana na mimi nililiwa pesa hivyo hivyo miaka michache iliyopita.

Ndugu msomaji, najua wengine mtasema mwandishi huyu wa redio amekosa habari. Watu wamerudi kwenye parseli zao bila hata mlango, yeye anaongea maua! Mama mmoja aliniuliza hilo uso kwa uso, na hakuwa anacheka. Ninamjibu hapa kwa urefu kidogo.

Tazameni mtaa wetu. Mwaka 2012 wakimbizi wa ndani walijaa hapa kwa mara ya kwanza. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikatema moto, lava ikaikata barabara ya Goma–Rutshuru na kuteketeza nyumba upande wa Buhene. Kuanzia 2022 wakimbizi wakajaa tena, mahema yakabanana mpaka kwenye viwanja vya shule, na mwanzoni mwa 2025 kambi ikawa tupu. Katika miaka hiyo yote kitu cha kwanza kupotea kilikuwa ua. Mbao za ua zilichomwa kupikia, na vichaka vikakatwa vikafuata. Siwalaumu waliokata. Mwenye mtoto anayelia njaa na sufuria yenye maharagwe mabichi hatazami mpaka wa parseli ya mtu. Ila matokeo yake tunayo leo: watu wawili wanasimama juu ya jiwe moja jeusi, kila mmoja anasema mpaka unapita upande wa mwenzake.

Ndiyo maana nasema ua wa miti si pambo tu. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema ardhi ni ya Serikali, na karatasi yenye nguvu ni cheti cha uandikishaji. Ni wangapi hapa kwetu wanacho? Wengi tuna karatasi ya chefu, au hatuna kitu, tuna ushuhuda wa majirani tu. Kwa mtu wa namna hiyo, mstari wa miti ambayo kila mtu anakumbuka ilipandwa lini na nani ndiyo kumbukumbu yake. Wazee walilijua hilo. Mnyaa, ule wa maziwa ambao wengi hapa tunauita umuyenzi, ulikuwa ua wa nyumba na alama ya mpaka tangu zamani katika eneo lote la Maziwa Makuu. Kule Kilimanjaro Wachaga wana isale, jamii ya drasena, wanayoipanda kwenye mipaka ya mashamba, na jani lake hupelekwa kwa mtu uliyemkosea ukitaka kuomba msamaha. Mti mmoja unaweka mpaka na unapatanisha.

Sasa turudi kwa tuya za jirani.

Tuya na ndugu zake wadogo asili yao ni nchi za baridi. Wengi wa vibete halisi walipatikana pale mtunza bustani alipoona tawi moja la mti limejikunja na kukua taratibu sana, akalikata na kulizalisha kwa vipandikizi. Kwa hiyo kibete halisi hakitoki kwenye mbegu yoyote tu, ni lazima atokee mtu aliyekizalisha kwa uangalifu. Vingi vya vile tunavyouziwa kando ya barabara ni miti ya kawaida ambayo bado ni midogo. Ni sawa na kununua mtoto wa ng'ombe ukiambiwa ni mbuzi. Mimi nilinunua viwili. Kimoja kilikauka mwezi wa saba, mizizi ikiwa imefika kwenye mwamba na hakuna tone la maji. Cha pili kilizidi urefu wa mlango. Nikachukua panga nikakifupisha mpaka kwenye matawi makavu ya ndani, na hapo ndipo nilipokiua, kwa sababu tuya na sipre hazichipui tena ukikata kupita sehemu yenye majani. Zinabaki na kidonda cha kahawia milele.

Na maji je? Mkaaji wa Kanyaruchinya anayeanza siku kwa kutafuta bidoni moja ya kunywa na kupikia atamwagiliaje kimti cha hoteli mwezi wa saba? Lava haishiki maji. Mvua inanyesha leo kwa nguvu, kesho asubuhi jiwe ni kavu. Wenye bomba na mtunza bustani, kule Himbi, wapande tuya zao kwa amani, na zinapendeza kweli. Hapa kwetu mti unachaguliwa kwa kuuliza kwanza: utakaa miezi mitatu ya kiangazi bila mimi?

Mnyaa unakaa. Unakata fimbo, unaiacha kivulini siku moja au mbili mpaka maziwa ya kidonda yakauke, unaichomeka kwenye ufa wa mwamba na udongo viganja viwili. Mbuzi hawaugusi. Lakini tusidanganyane: maziwa yake yakiingia jichoni ni hatari kubwa, yanaweza kumpotezea mtu uoni kwa siku kadhaa au kumuumiza zaidi. Ukikata, vaa kitu machoni na usiwaache watoto karibu. Mwenye watoto wadogo aweke mnyaa kwenye mpaka wa nyuma, na mbele ya mlango apande drasena. Drasena haina sumu ya namna hiyo, inashika kwa kipande cha shina, na kuni zake ni mbovu. Hilo la mwisho kwangu ni sifa kubwa kuliko zote. Mti usiofaa kupikia ndio utakaobaki umesimama siku mambo yakiharibika.

Anayetaka rangi apande bugenvilia. Ikishashika mizizi inavumilia jua na ukame, miiba yake inamzuia mwizi wa kuku, na ukiipogoa inazidi kutoa maua. Hibiskusi nayo ni nzuri, inakuwa ua mnene, ila mwaka wa kwanza inataka maji na mbuzi wanaipenda kupita kiasi. Majani magumu kwa jumla yanastahimili vizuri zaidi siku zile ambazo moshi wa volkano unatushukia na mvua inakuja na asidi. Majani laini hubabuka madoadoa, kila mwenye bustani hapa ameshaona.

Lantana sitaki hata kuisikia. Najua ina maua mazuri ya rangi mbili na haidai kitu. Ilitoka Amerika ikiletwa kama pambo, leo imevamia mashamba na malisho Afrika nzima. Ng'ombe akiila ini linaharibika na ngozi inachubuka juani. Unaipanda mstari mmoja, ndege wanakula matunda yake, baada ya miaka michache iko kwa jirani wa tano.

Sipre kubwa pia niiseme haraka: ni mti wa mbao, siyo wa ua wa parseli ndogo. Kisha tangu miaka ya 1980 kuna mdudu, kidukari wa sipre, aliyeingia Afrika na kukausha mashamba makubwa kutoka Malawi hadi Kenya.

Kuhusu shimo, wengi wanakosea hapa. Ukichimba kwa baramini kishimo kidogo ndani ya lava ngumu na kukijaza udongo, umetengeneza sufuria. Wakati wa mvua mizizi inaoza, wakati wa jua inaungua. Piga mpaka uone ufa, hata mdogo, ndipo uweke udongo uliochanganywa na samadi na vipande vya mawe. Juu yake funika kwa majani. Yale maua ya manjano machungu, tithonia, yanayojiotea kando ya njia, ni mbolea ya bure ukiyakata kabla hayajatoa mbegu. Mawe uliyovunja usiyatupe, yapange kuzunguka shina yatunze unyevu. Ukitaka kuamini kwamba jiwe hili linakuwa udongo, nenda uone lava ya 2002: kwanza ule ukungu wa kijivu ulioota juu yake, baadaye nyasi za mwamba, na leo kuna watu wanavuna maharagwe palipojazwa udongo kidogo.

Jambo la mwisho ndilo nililomwambia yule mama. Usipande mpaka peke yako usiku. Mwite jirani wa kulia na wa kushoto, mwite chefu wa avenyu, mnyooshe kamba, kila mmoja achomeke fimbo yake mwenyewe. Nimeshuhudia ugomvi ulioanza kwa miti saba iliyopandwa alfajiri bila mtu kuitwa, na familia zile hazisalimiani hadi leo. Mama aliniuliza, na kama jirani bado hajarudi, hajulikani kama yuko Uganda au amekufa? Nikamwambia aache nafasi ya hatua mbili upande ule, apande kwa ndani, na chefu aandike. Alitikisa kichwa. Sijui kama nilimridhisha.

Mvua zinaanza mwezi wa tisa. Jirani yangu ameshapanda tuya zake nne, na mimi nimempelekea mafungu mawili ya fimbo za mnyaa kwa ajili ya upande wa nyuma. Ameyaegemeza ukutani, maziwa yanakauka.