Sati, Jiwe la Haneti na Maadili Yaliyoachwa Njiani

Huko Haneti, wilayani Chamwino katika mkoa wa Dodoma, huchimbwa jiwe la kijani liitwalo krisopraso, ambalo rangi yake hutokana na nikeli. Likifika katika maduka ya Ulaya na Marekani, jiwe la aina hii hutobolewa, likatungwa shanga 108 kwa mfano wa tasbihi ya Kibudha, na kuuzwa kwa watafutao utulivu wa moyo. Mnunuzi husimuliwa nguvu za jiwe. Aghalabu haambiwi kwamba Mbudha anayeishika tasbihi hiyo amejifunga kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutotumia vileo. Makala haya yanadai kwamba mafundisho yenyewe nayo yamepatwa na hali hiyo hiyo, na kwamba lugha imechangia sana.

Tuchukue neno moja. Katika Kipali, lugha ya maandiko ya Ubudha wa Theravada, asili ya neno sati ni 'kukumbuka'. Mwaka 1881 T. W. Rhys Davids, Mwingereza aliyewahi kuitumikia serikali ya kikoloni huko Ceylon (Sri Lanka ya leo), alilifasiri kwa neno la Kiingereza linaloelekea zaidi maana ya uangalifu. Mwaka huo huo Mmarekani Henry Steel Olcott alichapisha katekisimu ya Kibudha, kwa mtindo wa wamisionari aliokuwa akishindana nao. Ndiyo maana mwanaanthropolojia Gananath Obeyesekere aliita mageuzi ya aina hii Ubudha wa Kiprotestanti. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha Massachusetts mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu na mfadhaiko. Yeye alikusudia tiba, na wengi wamenufaika. Lakini mafunzo ya namna hiyo yalipoingia katika makampuni na majeshi, sati ilibaki kuwa mbinu ya mtu kutuliza nafsi yake.

Katika mafundisho ya asili, sati ni mojawapo tu ya hatua 8 za Njia. Hatua hizo hugawanywa katika mafungu matatu: sila, yaani maadili, samadhi, yaani utulivu wa fikra, na panna, yaani hekima. Miongoni mwa hatua za sila imo riziki ya haki, ambayo humkataza muumini kufanya biashara ya silaha, binadamu, nyama, vileo na sumu. Amfundishaye mtu utulivu bila kumuuliza anapataje riziki yake, amempa tawi lililokatwa shinani.

Yawezekana kujibiwa kwamba Ubudha umebadilika kila ulikohamia, China na Japani zikiwa mifano, na kwamba Waasia wenyewe walishiriki katika mageuzi haya, akiwamo Anagarika Dharmapala aliyehutubia Chicago mwaka 1893. Hayo ni kweli. Hata hivyo, kuyabadilishia maadili vazi ni jambo moja, na kuyaacha njiani ni jambo jingine.

Sisi wanaisimu wa Kiswahili hatuna budi kujihadhari, kwani istilahi hizi hutufikia kupitia Kiingereza. Tukitafsiri tafsiri, tutapokea pia upungufu wake. Tunalo neno dhikiri, ambalo asili yake ya Kiarabu nayo ni 'kukumbuka', na hakuna Mswahili anayelitenga na Yule anayekumbukwa. Sipendekezi tulihamishe, maana lina wenyewe. Napendekeza tukope sati na sila moja kwa moja kutoka Kipali, na kuzifafanua kama zinavyofahamika kwa waumini. Jijini Dar es Salaam, Upanga, lipo hekalu lililoanzishwa na Wabudha kutoka Ceylon mwanzoni mwa karne ya 20. Yafaa tuwaulize watawa wake kabla ya kufungua kamusi ya Kiingereza.

Tafsiri sahihi ingetufaa hata Haneti. Avaaye shanga akikumbushwa riziki ya haki, itambidi aulize pia mchimbaji alilipwa nini.