Mnyama Naye Atafutiwe Pa Kulala

Ndugu wakazi wa Gitega, pamoja na majirani zetu wa Nyamirambo na Muhima,

Sisi tunaoishi kwenye mteremko unaoshukia mfereji wa Mpazi tunaijua mvua ya Aprili. Ikinyesha usiku kucha, maji ya mlimani hupita baina ya nyumba zetu. Kiongozi wa mtaa akigonga mlango na kusema tokeni, watoto watapelekwa kwa shangazi. Lakini mbuzi wa bibi ataenda wapi? Na mbwa anayelinda ua? Na kuku ambao mayai yao ndiyo yanayonunua madaftari?

Wapo wanaobaki ndani kwa ajili ya hao, na hapo ndipo tunapopoteza watu. Kimbunga Katrina kilipoipiga Marekani mwaka 2005, wengi walikataa kuhama kwa sababu hawakuruhusiwa kwenda na wanyama wao. Mwaka uliofuata bunge la huko likapitisha sheria ya kuwaingiza wanyama wa nyumbani katika mipango ya uokoaji. Kwetu Rwanda, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130, wengi wao katika Jimbo la Magharibi, ambako Mto Sebeya ulifurika. Mifugo nayo ikasombwa. Maji hayatoi nafasi ya kujadiliana nani ampokee mbuzi wa nani.

Kwa hiyo tujadiliane sasa. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi tunakutana kwa umuganda, kazi yetu ya pamoja, na baada yake tunakaa kikao. Nawaomba kila isibo, yaani kundi la kaya jirani, ilete jambo hili kikaoni: nani ana mnyama, nani anakaa pagumu, na nani aliye juu, penye usalama, ana ua, banda au stoo. Kila kaya ya bondeni ipate kaya mwenyeji kabla ya masika. Ambaye dini yake haimruhusu kuweka mbwa ndani asione haya kusema. Kona ya ua na bakuli la maji vinatosha.

Wenye wanyama, nasi tutimize wajibu wetu. Mbwa na paka wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, na cheti kikae pamoja na kitambulisho, kwani si haki kumpelekea jirani hatari nyumbani kwake. Kamba na tenga la kuku viwe karibu na mlango. Chakula cha siku chache tukibebe wenyewe.

Wenye nyumba za kupangisha, mwenye dhiki akija na mbuzi mmoja, msimfukuze kwa siku mbili tatu. Viongozi wa sekta, mnapotaja shule au ukumbi wa kukimbilia, tajeni na mahali pa kufunga mifugo, na daktari wa mifugo ajulishwe.

Ikitokea maji yamewahi kabla yenu, mfungueni mnyama kamba, fungueni banda, kisha okoeni nafsi zenu na mpige 112. Asirudi mtu bondeni kumfuata kuku.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Umuganda ujao, simama useme: mimi nina nafasi ya mbuzi wawili.