Wanaotaka Maimuna Afe

Kila nilipofundisha Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), darasa liligawanyika. Wapo waliofurahi Maimuna, baada ya ulevi na danguro, kuolewa na Kabi. Wapo walionung'unika kwamba mwandishi ametutilia sukari. Manung'uniko hayo nayasikia hadi leo, tena kwa walimu wenzangu, na wao hao humsifu Kezilahabi kwa Rosa Mistika (1971), ambamo Rosa, aliyesomea ualimu hapa kwetu Morogoro, anajiua baada ya mchumba kumkataa kwa kuwa si bikira. Hiyo, eti, ndiyo kweli ya maisha.

Kweli ya nani? Sisi Waluguru twahesabu ukoo kwa mama, na ardhi hufuata ukoo huo. Hapa Matombo binti aliyeachika mjini hurudi kwa mama zake, hupewa kipande cha shamba, hupanda migomba yake. Baadhi huposwa tena, na ngoma huchezwa kama ya kwanza.

Semeni ndoa ya Kabi imeandikwa kwa haraka. Hapo nitakubaliana nanyi. Lakini msiuite uongo mwisho ambao jirani yangu anauishi, na leo asubuhi nimemwona akichuma maharage na mumewe wa pili.